Pori Hili Lilikuwa na Watu: Wageni na Wenyeji wa Katavi



Mwaka huu kwenye orodha ya michango mtaona kifungu ambacho hakikuwapo miaka iliyopita. Chini ya madawati, chini ya bati za nyumba ya mwalimu na tangi la maji la zahanati, kipo kifungu cha kuwapeleka wanafunzi wa sekondari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa siku mbili, wakifuatana na wazee. Sisi tunaotunza hesabu za chama ndio tulioulizwa kwanza, na tumeulizwa bila kufichwa kitu: fedha ya harambee iende kutazama viboko? Watoto wanakaa chini, ninyi mnatuletea habari za utalii?

Swali ni la haki, na anayechanga lazima ajibiwe. Ila jibu lake halienei kwenye jedwali la mapato na matumizi. Linataka historia, na ndiyo maana kurasa za historia za kijitabu hiki, ambazo kwa kawaida huandikwa na walimu wastaafu, safari hii wametuachia sisi watu wa hesabu. Mtuvumilie.

Tuanze na watoto wetu waliozaliwa Tabata na Mbagala, ambao nyumbani wanakujua kwa misiba na Krismasi. Hifadhi iko kusini mwa mji wa Mpanda. Ukishika barabara ya Sumbawanga, hujamaliza kilomita arobaini unafika Sitalike, kwenye daraja la Mto Katuma, na hapo pori linaanza. Eneo lake ni kilomita za mraba 4,471. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, na foleni zake zote, ungeingia humo mara tatu na nafasi ikabaki. Sehemu kubwa ni miombo. Katikati kuna mabonde mawili, Katavi na Chada, ambayo ramani huyaita maziwa. Masika ni maziwa kweli. Kiangazi ni nyasi na vumbi. Katuma huingia Katavi, hutokea Chada, kisha maji hushuka kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Siku hizi neno "mbuga" limekuja kumaanisha mahali popote penye wanyama na lango la kulipia, lakini kwetu mbuga ni mbuga: tambarare ya udongo mweusi inayojaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa jua likikaza. Chada ni mbuga kwa maana zote mbili.

Jina lenyewe la hifadhi limetoka kwa Katabi, mzimu wa Wabende, ambaye wazee husimulia kwamba makao yake ni kwenye mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi. Watu wameendelea kupeleka sadaka chini ya mti huo hata baada ya mahali hapo kuwa mali ya serikali. Wageni huonyeshwa mti huo na waongozaji wao kama kituo kimojawapo cha safari, dakika kumi, picha mbili, twende. Tusiwalaumu waongozaji. Lakini mtu akitafakari kidogo atajiuliza swali jepesi: mzimu huombewa na nani mahali pasipokaa watu? Aliyekuwa anakwenda pale kuomba mvua au mtoto hakutoka Arusha. Alitoka kijijini kwake, na kijiji chenyewe hakikuwa mbali.

Hili ndilo tunalotaka kulionyesha katika kurasa hizi. Katavi inauzwa duniani kama pori la tangu na tangu, mahali ambapo mgeni anaona Afrika kabla ya binadamu. Mwenye kuuza hema ana haki ya kunadi bidhaa yake. Sisi, hata hivyo, tunajua kwamba Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa walikuwa wakiishi, wakilima, wakifua chuma na kurina asali katika nchi hiyo na pembezoni mwake, na kwamba watu walitoka humo kwa awamu, kila awamu ikiwa na sababu yake na mwaka wake.

Katika karne ya 19 nchi yetu haikuwa pembeni mwa chochote. Njia za misafara ya pembe za ndovu na watumwa zilipita Ukonongo na Mpimbwe kuelekea Ziwa Tanganyika, na kutoka Karema mitumbwi ilivuka kwenda upande wa Kongo. Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya moja kwa moja kutoka Tabora kwenda Ujiji, hivyo akazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, ambayo ndiyo nchi ya Wabende. Mwanzoni mwa 1872 wote wawili walirudi Tabora kwa njia ya upande huo huo, wakila nyama ya mwituni. Agosti mwaka huo Livingstone akatoka tena Tabora kuelekea kusini, na hakurudi akiwa hai. Mwaka uliofuata Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake uliokaushwa, wakapita Ufipa mpaka Tabora na kuendelea hadi pwani. Tunawataja kwa sababu watu hawa wote, wakubwa kwa wadogo, walikula chakula kilicholimwa na mtu. Msafara wa watu wengi hauwezi kuvuka pori tupu la majuma mengi. Hununua unga, viazi na mbuzi kijiji hadi kijiji, na penye njaa vitabu vyao vinalalamika.

Na ipo hadithi moja ambayo kila mtoto wa nyumbani angepaswa kuijua, lakini tumegundua kuwa hata wazazi wengi hawaijui. Ni hadithi ya tembo walioletwa kwa meli katika nchi ya tembo.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa akitafuta njia ya kuingia katikati ya Afrika kutokea pwani yetu. Shida yake ilikuwa mizigo. Ng'ombe na punda walikufa njiani kwa mbung'o, na wapagazi walikuwa watu wanaojua bei yao. Mpagazi asiporidhika hutua mzigo na kurudi kwao usiku. Mfalme akapata wazo la kutumia tembo. Wa huku hakukuwa na mtu wa kuwafunza kazi, basi wakaagizwa wanne kutoka India pamoja na waongozaji wao, na safari ikakabidhiwa Mwairishi aitwaye Frederick Carter. Walishushwa katika ghuba ya Msasani. Ndugu zetu mnaokaa Msasani, mkipita ufukweni jioni, fikirini wavuvi wa siku ile walisema nini.

Kutoka hapo wakatembea hadi Mpwapwa, wakaendelea Tabora, na kutoka Tabora wakashuka upande wetu. Walikuwa na nguvu kweli, na mbung'o hawakuonekana kuwasumbua kama walivyowasumbua ng'ombe, lakini mizigo ilikuwa mizito, chakula hakikuwa cha kwao, na mmoja baada ya mwingine wakafa njiani. Ni mmoja tu, Pulmalla, aliyefika Karema, mwezi wa Desemba 1879. Karema yenyewe ilikuwa changa. Mbelgiji Cambier alikuwa ameanzisha kituo pale mwaka huo huo. Leo watu hukwenda Karema kuona kanisa la zamani na majengo ya Wamisionari wa Afrika, waliokipokea kituo hicho mwaka 1885, na hakuna anayewaambia kwamba kabla ya padri alitangulia tembo wa Kihindi.

Mwaka uliofuata Carter, akiwa na Mwingereza aliyeitwa Cadenhead, alikuwa njiani kutoka Karema kurudi pwani. Mwezi wa Juni 1880 walikuwa Mpimbwe, katika kijiji cha mtemi, wakati majeshi ya Mirambo na washirika wake yalipokishambulia. Wote wawili waliuawa. Habari hiyo ilifika Ulaya na ikaandikwa sana, kwani ilikuwa vigumu kwa watu wa kule kuamini kwamba Mirambo, waliyemhesabu kuwa rafiki wa Wazungu, angeruhusu jambo hilo. Majina ya Carter na Cadenhead yamo vitabuni hadi leo. Wapimbwe waliokufa siku ile wakilinda boma lao hawamo, ingawa ndio waliokuwa wengi na ndio walioshambuliwa kwao. Kwa hesabu zetu sisi, habari kubwa ya siku ile ni kwamba Mpimbwe ilikuwa na kijiji chenye boma, chenye mtemi na mali ya kutosha kumvuta Mirambo aje kupigana.

Sasa tuone nchi hiyo ilivyobaki na watu wachache.

Kwanza vita vyenyewe na biashara ya watumwa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilishuka kutoka kaskazini na kuua ng'ombe wa karibu Afrika Mashariki yote, pamoja na nyati na wanyama wengine wa mwituni. Penye ng'ombe na mashamba, vichaka hukatwa na kuchomwa, na mbung'o hawana pa kujificha. Ng'ombe wakifa na watu wakipungua, vichaka hurudi. Wanyamapori nao hurudi haraka kuliko mifugo, na wakirudi huja na mbung'o. Halafu ikaja vita ya Wajerumani ya 1914 hadi 1918, iliyochukua vijana kuwa wapagazi na chakula kulisha askari. Wabelgiji waliivuka Tanganyika mwaka 1916. Kila pigo liliacha mashamba mengine yakimezwa na miombo.

Pigo lililobadilisha ramani lilikuja miaka ya 1920, nalo ni malale. Ugonjwa ulipozuka magharibi mwa Tanganyika, serikali ya Waingereza iliamua kwamba dawa yake ni kuwakusanya watu waliotawanyika porini na kuwaweka pamoja katika makazi makubwa, mahali ambapo miti ingefyekwa na mbung'o wakakosa kivuli. Watu wa vijiji vidogo vidogo waliamriwa kuhama. Inyonga ya Wakonongo ni mojawapo ya makazi yaliyokua kwa namna hiyo, na Mpimbwe nayo iliguswa. Tuseme ukweli, hatua hiyo iliokoa maisha ya wengi, kwani malale yalikuwa yakiua. Lakini mtu aliyeamriwa kuhama kwa ajili ya ugonjwa alidhani ugonjwa ukiisha atarudi. Hakurudi. Aliacha miembe, mawe ya kusagia na makaburi ya baba zake, na nyuma yake pori likafungwa.

Lilifungwa kwa sheria. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutenga eneo la hifadhi ya wanyama mwaka 1911. Waingereza walilitambua upya mwaka 1932 kwa jina la Rukwa. Kwa hiyo watu walipotolewa kwa sababu ya mbung'o, nafasi yao ilikuwa tayari na mwenye nayo. Baada ya hapo mwindaji aliyekwenda na gobole lake kutafuta kitoweo mahali alipozaliwa baba yake akaitwa jangili. Wengine wamefungwa kwa hilo, na baadhi ya familia zinazosoma kijitabu hiki zinajua tunachosema.

Katikati ya habari hizi, upande wa Mpanda mambo yalikwenda kinyume kabisa. Miaka ya 1940 yalichimbwa madini ya risasi, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na treni ya Mpanda imewalea wengi wetu: nusu yetu tulikwenda shule kwa behewa la daraja la tatu, tukiwa na debe la karanga na kuku mmoja. Tunalitaja kwa sababu hii ndiyo tabia ya nchi yetu. Serikali zote zilitufikia zikitaka kitu kilichomo ardhini au porini, na kitu kikiisha hamu nayo huisha. Bonde la Rukwa nalo liliwahi kupata umaarufu wake, kwa sababu lilikuwa moja ya mahali nzige wekundu wanapozaliana, na wataalamu wa nzige walikaa humo miaka mingi. Nzige walipungua, wataalamu wakaondoka.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974. Wenye umri watakumbuka kuwa miaka hiyo hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji. Kwa hiyo wazazi wetu walihamishwa tena, mara hii kwenda kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara, huku upande wa pili mipaka ya hifadhi ikiwekwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1961 kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kumaliza likizo yake akitazama mamba, lakini alijua kuwa wanyama hawa ni hazina ambayo wengine duniani wangelipa kuiona. Katika hilo aliona mbali. Mwaka 1998 hifadhi iliyopanuliwa ilizinduliwa rasmi kwa ukubwa ule tulioutaja mwanzo. Kati ya tarehe hizo mbili tulipitia miaka mibaya ya ujangili, faru wakaisha, tembo wakapungua mpaka Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na marufuku ya biashara ya pembe ilipoupunguza moto.

Hatuandiki haya kudai ardhi irudishwe. Tuliweke wazi hilo, maana kila mwaka hakosi mwanachama mwenye hasira anayesimama mkutanoni na kusema tukalime Chada. Pori lile likilimwa leo, watakaonufaika watakuwa wachache wenye matrekta, na baada ya misimu kadhaa hapatakuwa na nyati wala mpunga. Tunasema tu kwamba mahali hapa pana wenyewe, na wenyewe hao ndio wasioingia.

Anayeingia ni nani? Wageni wa Katavi kwa mwaka mzima huhesabika kwa maelfu machache, wakati Serengeti huhesabu kwa malaki. Wengi wao hawapiti Mpanda. Huruka kwa ndege ndogo kutoka mbali, wakatua kwenye kiwanja cha vumbi cha Ikuu, gari likawapokea hapo hapo na kuwapeleka kwenye kambi za mahema ambazo bei yake ni mamia ya dola kwa mtu kwa usiku mmoja. Wanakaa siku tatu au nne, kisha ndege inawachukua. Hawajui kama kuna mji. Upweke huo ndio wanaolipia, na ni haki yao.

Wanaona nini? Wanaona ambacho sisi tuliozaliwa kilomita chache kutoka pale hatujakiona, na hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu wanachama wengi wakisikia viboko wanafikiri ni wale wawili watatu wanaochungulia majini chini ya daraja la Sitalike wakati basi linapita.

Kuanzia mwezi wa Agosti Mto Katuma hukatika na kubaki madimbwi. Viboko wa eneo zima, waliokuwa wametapakaa kwenye mafuriko ya Katavi na Chada, hukusanyika kwenye tope lililobaki, mamia katika dimbwi moja, wamelaliana migongo kama magunia ya mpunga kwenye stoo, madume yakipigana mchana kutwa kwa ajili ya nafasi ya kulowesha tumbo. Kelele zake na harufu yake humfikia mtu kabla hajauona mto. Mamba hufanya jambo jingine: hujichimbia mashimo kwenye kingo za mto na kulala humo, mmoja juu ya mwingine, wakisubiri mvua. Tembo huchimba mchangani kwa miguu na mikonga mpaka maji yatokee, na wanyama wadogo hungoja zamu yao nyuma. Nyati hutoka miombo jioni kwa makundi ya mamia, wakati mwingine hata zaidi ya elfu, na simba wanajua ratiba yao. Kwenye miombo wapo palahala na korongo, ambao Serengeti hawaonekani kirahisi. Watu waliozunguka hifadhi nyingi husema ukavu wa Katavi mwezi wa Oktoba hauna mfano. Mtoto wa Kibaoni, wa Usevya, wa Mamba, anasoma habari za Serengeti kwenye kitabu cha jiografia.

Sisi tunapita katikati yake. Barabara ya Mpanda kwenda Kibaoni na Sumbawanga inakatisha hifadhini. Kila aliyesafiri kwa basi njia hiyo amepandisha kioo kwa haraka kwa sababu ya mbung'o, ameona twiga au nyati kando ya njia, na abiria wote wakasimama upande mmoja mpaka kondakta akapiga kelele. Huo ndio utalii wetu. Ada ya kuingia kwa raia hulipwa kwa shilingi, nayo ni ndogo mno kuliko ya mgeni wa nje anayelipa kwa dola, hivyo ada peke yake siyo kizuizi. Kizuizi ni gari, ni mafuta, ni chakula cha siku mbili, na zaidi ni ile dhana kwamba kule ni kwa wenye kamera. Tumewauliza wanachama wetu waliosoma sekondari nyumbani ni wangapi waliwahi kupelekwa hifadhini na shule. Hatutaandika idadi, maana vidole vya mikono miwili vilitosha.

Kuna jambo la maji pia, nalo linatuhusu moja kwa moja. Katuma haianzii hifadhini. Inaanza kwenye milima ya upande wa Mpanda, na inapita kwenye mashamba ya mpunga kabla ya kufika Sitalike. Kwa miaka mingi sasa kiangazi mto umekuwa ukikauka mapema kuliko wazee walivyouzoea, na watafiti pamoja na wahifadhi wamekuwa wakionyesha kidole kwenye mabwawa na mifereji ya juu. Mkulima wa mpunga siyo adui. Wengi wao ni ndugu zetu, na mchele wao tunaula hapa Dar es Salaam na kuusifia. Lakini mkulima ambaye hajawahi kuona dimbwi la viboko la mwezi wa Oktoba, utamweleza nini kuhusu maji anayoyazuia? Kwake huko chini ni "kwa TANAPA". Tunaamini mtoto aliyesimama pale na kuona kiboko mwenye mgongo uliopasuka kwa jua ataongea na baba yake kwa namna ambayo semina haiwezi. Na vijana wale waliokuwa wakiua simba na kucheza ngoma nyumba kwa nyumba wakipewa ng'ombe, nao wana wadogo zao madarasani.

Tukirudi kwenye kifungu chetu. Fedha inayoombwa ni ya basi la wanafunzi, gari moja la wazee, ada za kuingia, chakula na malazi ya kawaida ya Sitalike, nje ya lango. Hakuna posho ya kamati. Yeyote wa kamati atakayetaka kwenda atajilipia. Madawati hayaguswi, yana akaunti yake na mkaguzi wake, na taarifa iko ukurasa wa mwisho.

Wazee ndio sababu ya haraka. Waliohamishwa kwa malale hawapo tena duniani. Waliopo ni watoto na wajukuu wao, walioonyeshwa na wazazi wakiwa wadogo: hapa palikuwa kwa fulani, mwembe huu ni wa bibi yako, kijito hiki jina lake hili. Tulipoanza kuwauliza majina hayo tulipata orodha tatu kutoka kwa wazee watatu, na hazilingani. Kwa hiyo hatuyachapishi hapa. Njia ya kuyasawazisha ni kuwaweka wazee hao ndani ya gari moja pamoja na mwongozaji wa hifadhi, wabishane mahali penyewe, wanafunzi wakiandika na kurekodi kwa simu. Daftari litakalotoka litapelekwa nakala moja kwa kila shule, moja hifadhini, na moja litabaki kwa katibu wa chama. Wahifadhi tuliozungumza nao wamelipokea wazo vizuri, na wamesema waongozaji wao wenyewe wangependa kuwa na majina ya kuwaambia wageni zaidi ya ule mkwaju.

Tungependa kwenda Oktoba, wakati Katuma imekauka, lakini shule zitakuwa kwenye mitihani. Tumechagua likizo ya Juni. Nyasi zitakuwa bado ndefu na viboko hawatakuwa wamesongamana, ila njia zitapitika na wazee hawataumia na joto. Mchango upelekwe kwa mweka hazina kwa njia zilezile za miaka yote, ukiandika "Katavi" ili usichanganywe na wa madawati. Wazazi wa wanafunzi watakaochaguliwa waelewe jambo moja la mavazi: sare za shule zetu ni za buluu iliyokolea, na mbung'o hupenda buluu na nyeusi kuliko rangi zote, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo kwenye bajeti mtaona pia fulana za kaki. Hizo siyo anasa.